Nyimbo Zilizowekwa kwa Bibi

Ukoo huu haukupata kuwa na mali ya kutajika, ila ulikuwa na jina, na jina jema hung'ara gizani. Wa kwanza anayekumbukwa alikuwa bawabu wa ghala. Wachuuzi waliosafiri walimwachia magunia yao bila kuyafunga midomo, na waliporudi waliyakuta na vumbi lake lilelile juu. Mwanawe alikuwa mpima mizani sokoni. Mkewe mwenyewe alipompelekea kunde zake alipimiwa kama mgeni, akanuna, na mume akala chakula baridi kwa siku kadhaa pasipo kujitetea. Wa tatu alikuwa mtunza stoo wa hospitali, na alipostaafu alikabidhi funguo zote, hata ule wa kabati lililokwisha kuungua.

Huyo wa tatu ndiye babu yake Tetere, na mke aliyemwoa hakulitia jina hilo doa. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, na wanawake wa mtaa walimletea nguo za kupunguza na, chini ya nguo, mambo mengine: bangili isiyopaswa kuonwa na mume, neno la ugomvi, habari ya mimba isiyotangazwa bado. Walisema kumwambia bibi huyu jambo ni kulitupa kisimani. Naye hujibu, pini zikiwa mdomoni, "Tena kisima chenye mfuniko."

Tetere alilelewa katika nyumba hiyo kwa kuwa wazazi wake walikwenda kufanya kazi mbali na hawakurejea ila kwa simu. Jina hilo la ndege alipewa na bibi kwa ajili ya sauti yake, nzito, ya chini, yenye kujirudia kana kwamba inauliza jambo lisilo na majibu. Alipopata gitaa hakutaka kupiga nyimbo za watu. Alitunga zake: wimbo wa karani wa kituo anayeuza tiketi za safari asizosafiri, wimbo wa birika lililosahauliwa jikoni, wimbo wa mlinzi anayezungumza na viatu vyake. Haukuwa muziki wa kuchezwa. Aliuimba peke yake, gitaa mapajani, katika migahawa midogo na ua wa nyuma wa duka la vitabu, na waliomsikia waliketi sakafuni wakainamisha vichwa. Hawakuwa wengi, lakini kila walipokutana tena walikuwa wameongezeka.

Alikuwa na namna yake ya kutunga, na ndiyo iliyomponza. Hakuandika. Alikaa juu ya marobota ya vitambaa, akamwimbia bibi wimbo mpya, na bibi akaukanyagia cherehani. Wimbo usiokwenda na mguu wa bibi ulirudishwa kama shati lenye bega moja fupi. Uliokwenda, bibi aliachiwa autunze. Baada ya siku chache Tetere alimwambia, "Haya bibi, nirudishie," na bibi aliuimba wote. Mstari alioudondosha haukuokotwa. Tetere aliamini kwamba kilichoanguka katika kichwa kile kilistahili kuanguka, na kilichobaki ni dhahabu.

"Unaziandika lakini?" babu alimwuliza.

"Ninazo kwa bibi, babu."

"Bibi yako si kabati. Mali bila daftari huisha bila habari."

"Wimbo ukiandikwa unalala, babu. Kwa bibi unatembea."

"Utatembea mpaka upotee njia," babu alisema.

Bibi alicheka mpaka uzi ukakatika. "Mwacheni mtoto. Mimi nimetunza mahari za watu, nitashindwa na nyimbo?"

Basi nyimbo zikaingia humo moja baada ya nyingine. Jambo la ajabu, au pengine si la ajabu, ni kwamba kadiri bibi alivyozishika ndivyo Tetere mwenyewe alivyoziachilia. Aliyemtwisha mwenzake mzigo hazijui tena pande zake. Alipotaka wimbo wa zamani alikwenda kwa bibi, akautwaa, akauimba, akaurudisha.

Kisha alikuja mpiga besi. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na alikuja kufanya mazoezi sebuleni. Tetere alipotoka kununua nyuzi za gitaa, kijana yule aliingia chumba cha kazi na kitako kimoja cha suruali kilichochanika.

"Bibi, nishonee, aibu yangu iko nje."

Alishonewa, na katika kushonewa akasema, "Tetere ananiambia wewe ndiye mwalimu wake. Hebu nionjeshe hata wimbo mmoja." Bibi, aliyedhani mgeni wa mjukuu ni mjukuu, alimwonjesha. Mwezi haukupita, wimbo wa birika ukasikika redioni kwa sauti ya mpiga besi, na mtangazaji akamsifu kwa utunzi.

Tetere hakulia. Alifunga mlango wa chumba cha kazi, akapiga magoti mbele ya cherehani. "Bibi, tangu leo usimwimbie mtu."

"Mwanangu, nimekukosea."

"Hujakosa. Ila sasa usimwimbie mtu yeyote. Hata akija analia. Hata akisema mimi nimemtuma. Mpaka nije mwenyewe."

Bibi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. "Umeweka, na mimi nimepokea," alisema, kama alivyowaambia wenye bangili. "Atakayezipata bila wewe, azikute nimekufa."

Tetere akaondoka. Walimwita miji ya mbali, kuimba kabla ya waimbaji wenye majina, na popote alipokwenda watu walitaka nyimbo zilezile walizokwisha kuzisikia: wa karani, wa mlinzi, na nyingine mbili. Hizo alikuwa nazo. Zilizobaki zilikuwa kwa bibi na hakuwa na wasiwasi nazo. Babu alipiga simu.

"Bibi yako jana ametia chumvi kwenye chai."

"Si uzee tu, babu? Nitakuja."

Akapiga tena. "Bibi yako amenihudumia vizuri sana leo, akaniuliza nyumbani kwangu ni wapi."

Tetere alicheka kwanza, maana babu hakuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake ulichekesha kwa ugeni. Alipogundua kwamba haukuwa mzaha, alikuwa amekwisha kucheka. "Nikimaliza onyesho hili nakuja," alisema. Kulikuwa na onyesho jingine baada ya lile.

Aliyemrudisha nyumbani hakuwa babu. Alikuwa fundi mitambo, mwenye studio nyuma ya karakana ya matairi, chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani, ambamo lori likipita nje wote hunyamaza na kungoja. Mtu huyu alikuwa amerekodi kwaya, matangazo ya sabuni na hotuba za wagombea, na alikuwa amechoka na vyote.

"Dada, hawa wengine wananiletea kelele nizipambe," alisema. "Wewe unaniletea kitu. Lete albamu nzima. Nimekutengea majuma haya, na kuna watu wa maana wanaosubiri kuisikiliza. Una nyimbo ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi ziko wapi?"

"Nyumbani."

"Kazilete basi, kabla mwenye chumba hajanipandishia kodi nikarudi kwenye sabuni!"

Alipofika, bibi alikuwa kwenye kiti kilekile, mbele ya cherehani ileile, amevaa miwani. Alikuwa amepungua kama kitambaa kilichofuliwa kwa maji ya moto. Tetere aliweka gitaa chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeleta ya kupunguza au ya kuongeza?"

"Ni mimi, bibi. Tetere."

Bibi alitabasamu kwa adabu, tabasamu la kumpa mteja. "Unamfahamu mjukuu wangu? Bado hajarudi. Yuko mbali, anaimba."

Babu alikuwa mlangoni. Tetere alikaa juu ya marobota, na kwa kuwa hakujua la kufanya, alifanya alilolijua. Alianza wimbo mmoja aliokuwa na mwanzo wake tu:

*Mwenye nyumba katoka, kitasa kina joto,*
*nimekishika nangoja, mkono wangu umepoa…*

Hapo ulipomkatikia, alimtazama bibi amalizie, kama zamani. Uso wa bibi ulifungwa kama dirisha wakati wa mvua.

"Huo umeutoa wapi?"

"Ni wangu, bibi. Nilikuachia."

"Wako?" Bibi alivua miwani. "Huo ni wa mjukuu wangu. Haujatoka nje ya chumba hiki."

"Mimi ndiye mjukuu wako."

"Na yule wa kofia naye alisema ni rafiki yake. Nikamshonea na suruali!"

Babu alijitokeza. "Mama, huyu ni Tetere. Mtazame."

"Nawe wamekuhonga nini?" bibi alimwuliza mumewe, ambaye katika maisha yake yote hakupokea hata chungwa kwa mtu aliyekuwa na shida stoo. "Mzee mzima!"

Siku zilizofuata Tetere alijaribu kila mlango. Alitaja kovu la bibi la kisigino na kisa chake. Alimwimbia nyimbo za karani na mlinzi, zote, bila kukosea. Alimkumbusha hata maneno ya agano lao, goti kwa goti mbele ya cherehani. Bibi alisikiliza yote kwa makini, akatikisa kichwa kwa huzuni iliyokuwa karibu na heshima.

"Umejifunza sana, mwanangu. Mwizi mzuri huisoma nyumba kabla hajaingia. Lakini mimi nimeambiwa: hata akija analia. Na wewe unalia."

Hakuwa na chuki. Alimpa chai, alimshonea kifungo cha koti bila kuombwa. Lakini nyimbo alizifungia. Na ubaya wa mambo ulikuwa huu: zilikuwamo. Bibi alisahau jina la mumewe, alisahau kama amekula, alivaa viatu tofauti miguuni, lakini nyimbo hazikuanguka. Kila alasiri, alipodhani yu peke yake, alikanyaga cherehani isiyo na uzi wala kitambaa, akaimba. Tetere alisimama nyuma ya ukuta na kusikia sauti yake mwenyewe ya miaka iliyopita ikipita katika koo la mzee, mistari yote, bila kudondosha. Akisogea hatua, ubao wa sakafu ulilia, na bibi akanyamaza.

Fundi mitambo alipiga simu. "Vipi, dada? Watu wanauliza."

Tetere alimweleza. Upande wa pili kilisikika kicheko kifupi cha mtu anayetatua mambo. "Sasa hilo nalo ni tatizo? Weka simu chini ya vitambaa, washa irekodi, toka nje. Jioni unazo zote. Ni zako, unamwibia nani?"

Tetere alimpelekea babu maneno hayo, akitumaini kwamba angesema ndiyo, maana ni babu huyu huyu aliyetaka ziandikwe.

"Hapana," babu alisema. Alikuwa akipiga pasi shati lake, kola kwanza, kama alivyofundishwa ujanani. "Katika nyumba hii hakijapata kuchukuliwa kitu kwa anayekitunza bila yeye kujua."

"Ni changu, babu!"

"Ni chako. Na anayekitunza ni yeye. Bawabu akiwa amelala, mwenye gunia humwamsha. Haingilii dirishani."

"Haamki, babu. Unaona mwenyewe kwamba haamki."

Babu alisimamisha pasi. "Basi kaa naye. Mshonee, mpikie, mzoee upya kama mtu baki. Labda atakupa kwa mapenzi kile alichokunyima kwa haki. Labda hatakupa. Lakini kaa."

"Wananisubiri, babu. Sina muda wa kukaa."

"Ulikuwa nao," babu alisema, akairudia kola.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Tetere aliiwasha simu irekodi, akaiweka ndani ya kikapu cha vipande, chini ya bitana ya koti. Akamwambia bibi anakwenda dukani. Alizunguka nyumba, akachutama chini ya dirisha, mgongo ukutani, kwenye mchanga uliojaa vifungo vilivyodondoka miaka yote.

Cherehani ilianza. Bibi aliimba wimbo wa kitasa. Aliimba ubeti wa kwanza, akapita pale Tetere alipokwama, akaendelea. Tetere aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kwa sababu mstari uliofuata, aliokuwa ameusahau kabisa, ulikuwa mzuri kuliko chochote alichokiimba katika miji yote ile. Bibi alianza ubeti wa pili. Akafika katikati.

Ndipo simu ikalia.

Alikuwa fundi mitambo, aliyetaka kujua kama mpango umekubali. Tetere alikumbuka kila kitu isipokuwa kuizima sauti, kosa ambalo mwimbaji hulikemea kwa wasikilizaji wake kila siku kabla ya kupiga uzi wa kwanza. Mlio ulijirudia ndani ya vitambaa. Cherehani ilisimama. Tetere alinyanyuka na kuona dirishani: bibi akiinua bitana, akiinua vipande kimoja kimoja, kwa utaratibu wa fundi, mpaka akaifikia. Aliishika mkononi ikiwa bado inalia na taa yake inawaka. Ujinga wake wa mambo mengine yote haukumzuia kuelewa hili moja.

"Nimeibiwa," alisema, si kwa sauti kubwa. Kisha kwa sauti kubwa: "Nimeibiwa! Mzee, njoo! Nimeibiwa amana ya mtoto!"

Babu aliingia mbio, naye hakuwa mtu wa kukimbia. Bibi alimkabidhi simu kwa mikono miwili. Alikuwa akitweta. "Nilikuwa peke yangu. Nilitazama, nikaona niko peke yangu. Akija nitamwambia nini? Aliniamini. Akija nitamwambia nini?"

Tetere aliingia kwa mlango, mchanga magotini. Alidhani atafukuzwa, na alitamani afukuzwe. Bibi alimgeukia kwa macho ya mtu anayetafuta msaada popote ulipo.

"Mwanangu, wewe una uso mzuri. Ukikutana naye huko mbali, mwambie nilijitahidi."

Tangu siku ile bibi hakuimba. Hakuikanyaga cherehani. Aliifunika kwa shuka, akahamisha kiti dirishani, akakaa akitazama barabara. Tetere alikwenda studio mara moja tu. Fundi mitambo alichomeka simu, akasikiliza: mguu wa cherehani, ubeti mmoja na nusu, mlio wa simu, na kilio. Alivua visikilizio taratibu.

"Dada," alisema, "hii ndiyo kali kuliko zote. Tuianze nayo albamu. Tuiache hivi hivi, na kilio chake."

Tetere aliichomoa simu, akatoka. Nje, katika karakana, kijana mmoja aligonga ringi kwa nyundo na mwingine alimtania kwamba anapiga ngoma ya harusi ya shangazi yake, na wote walicheka. Tetere aliwapita. Majuma aliyotengewa alipewa mwingine, na watu wa maana wakasikiliza wengine.

Alirudi, na sasa alikaa, kama alivyoambiwa. Alipika, alifua, alimkata bibi kucha. Alijaribu kutunga nyimbo zile upya kwa kubahatisha. Mwanzo mmoja ulikubali, mwingine ulikataa, na hakuna aliyemwonyesha upi ni upi, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuudondosha mstari mbaya. Mistari yote ilibaki, mizuri na mibovu, ikafanana. Mwishowe gitaa aliliegemeza nyuma ya kabati na hakulishika.

Kila alasiri bibi aliuliza pasipo kugeuka, "Hajafika?"

Mwanzoni Tetere alisema, "Nimefika, bibi, ni mimi," na bibi akaingiwa na hofu, akaanza kulia. Basi akaacha.

"Hajafika, bibi."

"Njia ni mbali," bibi alisema.

Alifariki mwanzoni mwa mvua, kitini pale, miwani ikiwa usoni. Mtaa mzima ulikuja. Wanawake walikuja na siri zao, na kila mmoja aliondoka nazo zikiwa salama, maana hazikupata kutoka. Babu alisimama wima mpaka wa mwisho alipoaga, ndipo akaketi juu ya marobota ya vitambaa, akauliza kama kuna mtu anayekumbuka hata wimbo mmoja mzima kati ya zile alizozifungia, wa kumsindikiza mkewe. Watu walimtazama Tetere. Tetere alitazama chini.

Sasa nanyi vijana mnaosoma haya, msiinamishe vichwa kana kwamba mmesikia habari za watu wengine. Mna wazee majumbani. Wamewashikia mambo mliyowatwisha na mengine msiyowatwisha, na wanayashika kwa nguvu zao za mwisho mkiwa mnasema, "Nikimaliza hili nakuja." Hilo halina mwisho. Inukeni. Nendeni mkiwa bado mnaitwa kwa majina yenu. Na mkifika, msiulize mlichokifuata, kaeni kwanza.